Sindano nazijua mimi

Mwanangu,

Baba yako ameniambia nikuache upumue. Anasema kijana anayekwenda kucheza besiboli kiangazi kizima habebeshwi barua. Nimemsikia, na bado naandika. Naitia kwenye begi la viatu kwa sababu sanduku hulifungui mpaka nguo zikuishie, na ujumbe wa simu ukiwa mrefu unanijibu kwa kidole gumba.

Neno lenyewe nalisema mapema nisije nikazunguka mbuyu. Sikuulizi kama umetumia dawa za kuongeza nguvu. Nasema hivi: ukitumia, au ukishawishiwa, au hata ukilala macho wazi ukilifikiria jambo hilo, usinifiche. Mengine yote humu ni maneno ya mama.

Juzi natoka zamu ya usiku hospitalini, redio ya gari ikamtaja mchezaji mwingine wa ligi ndogo aliyefungiwa kwa pufya, hizo dawa haramu za michezoni. Jina halikunikaa. Kilichonikaa ni kwamba walimtaja katikati ya bei ya mafuta na hali ya hewa, wala sauti ya mtangazaji haikubadilika. Nikafika nyumbani nimeshindwa hata kulala, nikafua mapazia.

Tangu kile kijifupa cha kiganja kivunjike nimekuwa nikikutazama. Daktari alitwambia wazi siku ile: mkono utapona upesi, ila nguvu ya gongo itarudi kwa wakati wake. Wewe ulisikia "upesi" ukaziba masikio hapohapo. Halafu wakati wa Pasaka nilikusikia uani ukimwambia mwenzio kwa simu kwamba unahitaji kuongeza uzito wa paundi kumi na tano kabla ya Juni. Paundi za nini, na zinatoka wapi? Mwili wa binadamu hauna haraka hiyo, mimi nauosha na kuugeuza kila siku ya kazi, naujua. Shingo imenenepa. Shati la kanisani halifungi kifungo cha juu. Najua unanyanyua vyuma, najua unakula mayai mpaka dada yako analalamika. Na mimi ndiye niliyekuita sebuleni usimame mbele ya akina mama wa chama nikasema mwoneni huyu alivyojaa. Basi, tuliache hilo.

Sasa unakwenda Chatham. Nimeisoma hiyo ligi yenu ya Cape Cod yote, ya wanachuo wa kiangazi huko Massachusetts, usidhani sisomi. Mechi hazina tiketi, watu wanakaa kwenye nyasi na viti vyao, wachezaji wanalazwa kwenye nyumba za wenyeji, na maskauti, watafuta vipaji wa timu kubwa, wamejipanga nyuma ya wavu na vile vidude vyao vya kupima kasi ya mpira. Na tangu 1985 ni magongo ya mbao tu. Hapo ndipo ninapoogopa. Wewe mwenyewe ulinieleza ukiwa na miaka kumi na tano, ukichora juu ya karatasi ya bili ya stima: gongo la alumini linakusamehe, mpira ukiligonga pembeni bado unaruka, la mbao lina sehemu ndogo tu yenye nguvu, ukikosea linavunjika mkononi, mpira unaanguka kwa miguu ya mrushaji. Vijana waliozoea kuuvusha mpira juu ya uzio chuoni wanafika pale wanapiga vijipira vya kudokolewa wiki baada ya wiki, na skauti anaandika. Kijana wa namna hiyo, mwenye kiganja kilichopasuliwa, ndiye anayefuatwa na mtu kwenye maegesho ya jimu akiambiwa "kuna kitu cha kukusaidia kupona." Atatumia neno hilohilo, kupona. Neno la kukupa nguvu hatalitaja.

Mark McGwire wewe unamjua kwa takwimu. Mimi nataka umtazame kama mzazi.

Mwaka 1987 alikuwa mgeni kwenye ligi kuu, Oakland, ana homurani 49, yale mapigo ya kuuvusha mpira nje ya uzio. Imebaki mechi moja ya msimu, na hamsini ilikuwa idadi ambayo mchezaji wa mwaka wa kwanza hakuwahi kuifikia. Hakucheza. Alikwenda kuwa na mkewe anayejifungua. Mtoto wa kiume akazaliwa. Wapo waliomwona mjinga. Mimi nikisoma habari hiyo nilimpenda papo hapo, na baba yako nikamsomea kwa sauti kwa sababu zangu mwenyewe.

Songa mbele mpaka 8 Septemba 1998, St. Louis. Homurani ya 62, rekodi ya Roger Maris ya msimu mmoja, ya mwaka 1961, imekwisha. Pigo lenyewe lilikuwa fupi kuliko yote aliyopiga mwaka ule, futi 341, mpira umepita juu ya ukuta wa kushoto kama unaomba radhi. Furaha ilimzidi hata akairuka besi ya kwanza, kituo cha kwanza cha mzunguko, bila kuikanyaga, kocha akamwita, akarudi akaigusa, ndipo akaendelea. Mwisho wa mzunguko anayemngoja ni mwanawe yuleyule, ana miaka kumi, amevaa sare ya wabeba magongo. Akamnyanyua juu. Video hiyo umeitazama sana, ila nadhani jicho lako limekuwa kwa baba. Safari nyingine mtazame mtoto.

Sasa ngoja. Agosti ya mwaka huohuo mwandishi mmoja wa habari aliona kwenye kabati la McGwire chupa ya androstenedione, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa testosteroni, homoni ya kiume. Haikufichwa. Wakati ule ilikuwa inauzwa madukani kama vitamini, na besiboli ilikuwa haijaipiga marufuku, ingawa Olimpiki walikwishaikataa; sheria ya Marekani iliibana baadaye, 2004. Akasema ni halali, na kweli ilikuwa halali. Watu wakabishana juu ya chupa ile miezi mizima. Kumbe nyuma ya chupa ya halali palikuwa na za siri. Msimu ukaisha na homurani 70, Marekani nzima ikapiga makofi.

Mwaka 2005 aliitwa mbele ya Bunge. Kila akiulizwa anajibu kwamba hakuja kuzungumzia yaliyopita. Januari 2010 ndipo akasema, huku analia kwenye televisheni: alijaribu steroidi, dawa za kujenga misuli, kwanza majira ya baridi ya 1989 kuingia 1990, akarudia baada ya kuumia 1993, akaendelea kwa vipindi miaka ile, na 1998 imo. Akaeleza kwamba nia yake ilikuwa kupona majeraha tu, kwa vile visigino na mgongo vilimtesa miaka mingi. Namwamini kuhusu nia. Lakini dawa ikishaingia mwilini haiulizi nia. Inajenga kila kinachojengeka, na moyo nao ni msuli, unanenepa kuta mpaka nafasi ya damu inapungua. Mwili ukiona testosteroni inaletwa kutoka nje unaacha kutengeneza yake, korodani zinasinyaa, na siku ukiacha, unabaki mtu mwenye huzuni asiyeielewa. Wanaume wa namna hiyo wanakuja kwetu wodini. Wana mikono mikubwa na presha ya mzee, na mke yuko kwenye kiti anauliza maswali ambayo mume anayakwepa kwa kutazama dari.

Ila si ya moyo yaliyoniuma kwa McGwire. Alisema siku ile kwamba familia yake na marafiki ndiyo mara ya kwanza wanamsikia akilizungumzia. Aliwaficha wote. Baba yake kwa kazi alikuwa daktari wa meno, mtu wa sindano kama mimi. Na yule mtoto aliyenyanyuliwa juu mwaka 1998 sasa alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, umri unaouelekea wewe. Aliyeiacha homurani ya hamsini kwa ajili ya mtoto ndiye huyohuyo aliyemficha mtoto. Angekuwa mtu mbaya ningelala usingizi wangu. Wewe hujawahi kuwa mtu mbaya, ndiyo maana naogopa.

Na huyu wetu aliyechezea Rangers hapa Arlington, Texas, Rafael Palmeiro. Hadithi ya baba yako na maegesho ya uwanja unaijua, sirudii. Siku ileile ya Machi 2005 Palmeiro aliwanyooshea wabunge kidole akisema hajawahi kabisa kutumia steroidi. Tarehe 1 Agosti mwaka huohuo akasimamishwa. Kipimo kilikuta stanozolol, moja ya hizo steroidi. Akadai huenda ni sindano ya vitamini B12 aliyopewa. Sasa hapo alinigusa kwenye kazi yangu. B12 naichoma mimi, kwa wazee, kwa waliokatwa utumbo, kwa wasiokula nyama. B12 ni nyekundu. Ukiishika chupa kwenye mwanga unaona wekundu wake, na ni nyepesi, inavutika kwa sindano nyembamba. Testosteroni ya kuchoma imetiwa kwenye mafuta, ni nzito, ya manjano hafifu, inakataa sindano nyembamba mpaka uvute kwa nene halafu ubadilishe. Stanozolol ya sindano ni nyeupe, inatulia chini ya chupa mpaka uitikise. Sijui huyo bwana alichomwa nini na siapi kwamba alidanganya, na chupa inaweza kuchafuliwa. Nakufundisha rangi tu. Mtu akikwambia ni vitamini, mwambie aiweke mezani, uipige picha na lebo yake, unitumie. Hata saa tisa ya usiku. Zamu za usiku zina faida hiyo, mama yuko macho.

Ule mkebe wa poda uliokuwa juu ya friji nimeutoa, usiutafute. Haukuwa na nembo ya NSF ya wanamichezo, ile ya kuonyesha kwamba poda imepimwa. Mwenye duka anaweza kuandika chochote kwenye lebo, na ukikutwa na kitu mwilini huwezi kumleta mwenye duka kukusemea. Chuo kinakukata mwaka mzima wa kucheza kwa kipimo cha kwanza. Nimekununulia mwingine wenye nembo, ghali kama dhahabu, umo chini ya taulo. Unga wa ugali nao umo, umefungwa mara mbili, usije ukachanganya ukanywa ugali na maji ya barafu.

Baba yako haya hataki yazungumzwe, kwa hiyo usimwambie nimeyaandika. Unadhani ni mkali kwenye mambo ya dawa kwa sababu ya dini. Baba yako mdogo wa Iten, yule aliyekuwa akiongoza mwendo kwenye marathoni za Ulaya kisha "akaumia goti" akarudi kulima viazi: goti halikuumia. Kilikuwa kipimo. Hakuwa na jina kubwa, hakuna gazeti lililomwandika. Lakini Iten kila mtu anamjua kila mtu, na kogo yako, nyanya yako wa huko, alisikia sokoni, amekaa na mboga zake, kutoka kwa mwanamke ambaye hata hawasalimiani vizuri. Mwanawe alikuwa akilala nyumba ya pili, akinywa chai yake kila asubuhi, asiseme. Kogo aliniambia adhabu ya mtoto aliweza kuibeba, ila ile ya kuambiwa na yule mwanamke bado haijamtoka.

Na unakokwenda ni jirani na Boston. Wakenya tukitajwa Boston tunatajwa kwa marathoni, na wenyeji wako watataka kukufurahisha, watakuuliza kama na wewe unakimbia. Kubali tu kwa kicheko, usianze mihadhara kwamba kabila la mama ni Wataita na hatukimbii. Lakini jua kwamba mji huohuo ulimfutia Rita Jeptoo ushindi wake wa 2014 kwa pufya, na Diana Kipyokei wake wa 2021, ukaenda kwa Edna Kiplagat aliyemaliza wa pili. Fikiria kumaliza wa pili, ukarudi nyumbani, ukala, ukalala, halafu mwaka unaofuata unaambiwa kumbe ulishinda. Furaha hiyo ataitia wapi?

Kama unataka mpiga mpira wa kumtazama, yupo Frank Thomas. Alicheza Orleans, mji wa pili kutoka hapo ulipo, kiangazi cha 1988. Jitu zima, futi sita na inchi tano, na sekondari ilipokwisha hakuna timu iliyomchagua. Alimaliza na homurani 521, na wakati wenzake wengi wamenyamaza yeye alikuwa akisema pimeni watu. Ripoti ya Mitchell, ule uchunguzi wa dawa kwenye besiboli, ilipotayarishwa, ndiye mchezaji pekee aliyekuwa bado anacheza aliyekubali kuhojiwa kwa hiari yake. Mwaka 2014 alipoingizwa kwenye jumba la mashujaa pale Cooperstown alilia akitaja majina bila kupumua. Machozi ya McGwire na machozi yake yote ni machozi ya wanaume wakubwa mbele ya kamera, nami nayatofautisha. McGwire ana homurani 583 na wapiga kura wa jumba hilo walimpitisha kando miaka kumi mfululizo.

Usinielewe vibaya kuhusu homurani. Sijali ukipiga saba au ukikosa zote. Naam, najali kidogo. Ulipopiga ile ya Februari niliikuta kwenye simu nikiwa chumba cha dawa, nikapiga kelele mpaka msimamizi akaja mbio akidhani mgonjwa ameanguka. Mechi zako nyingi nimeziona kwa simu namna hiyo, zamu ni zamu. Lakini ukirudi Agosti na mbili tu, kwa mikono yako uliyozaliwa nayo na kiganja hicho chenye mshono, nitakupikia pilau. Ukirudi na kumi na mbili nitakupikia pilau na nitakukagua mgongo kama una chunusi za steroidi, na hutanizuia.

Kwa wenyeji wako: amka mapema, tandika, na bafu ukitoka ulipanguse, nywele zako zinaziba. Friji ya watu huifungui mpaka uambiwe "jihisi nyumbani," na hata ukiambiwa unauliza mara ya kwanza. Mama wa nyumba mwite kwa jina la ukoo mpaka akukataze mwenyewe. Nimewawekea kanga, ile ya buluu, na majani ya chai ya Kericho. Usiyatoe kwenye mfuko wa plastiki mbele yao kama unauza sokoni. Baharini usiingie zaidi ya kiuno. Nimesoma kwamba papa wakubwa weupe wanakuja pale Chatham kuwafuata sili, na wewe kutoka mbali huna tofauti na sili mnene. Nimekulia Mombasa, bahari haijawahi kunitisha, ila ya huko sitaki uizoee. Uwanjani pale nako ukungu unaingia kutoka baharini mpaka mechi inasimama, kwa hiyo koti usiliache kwenye basi.

Simu Jumapili, mchana wa huko, mimi nikiwa nimeamka. Nikikuuliza habari, "niko sawa" siitaki. Nitakuuliza kiganja kinauma kiasi gani, moja mpaka kumi, ujibu kwa namba kama wagonjwa wengine. Nitakuuliza nani amekupa nini. Utaona aibu wenzako wakisikia, toka nje ya chumba. Na ikiwa lipo la kuniambia ambalo tayari limeshatokea, liseme Jumapili hiyohiyo. Nitapiga kelele, unanijua, halafu nitanyamaza, halafu tutatafuta la kufanya, mimi na wewe, kabla ya baba yako. Nisisikie kwa redio.

Mtambo wa maji moto umeanza tena kuvuja. Fundi anasema tubadilishe wote, baba yako anasema abadilishe valvu mwenyewe, kwa hiyo tunaoga baridi. Nyanya yako wa Mwatate anauliza kama huko unakokwenda kuna kanisa, nimemwambia yapo mengi. Litafute moja ili nisiwe mwongo. Dola mia mbili zimo kwenye soksi za kijivu, ni za dharura, na viatu vipya si dharura.

Bima ya gari lako nimeilipia mpaka Julai. Dada yako anataka alitumie kwenda kazini kiangazi hiki, anasema ulimkubalia, nami simwamini. Niambie kabla ya Ijumaa kama nimpe funguo, na kama lile tairi la nyuma la kushoto bado linapoteza upepo.

Mamako